Lugha rahisi, lakini kwa nani?

KAMPUNI ya Omega Research ya Marekani ilipotunga lugha ya kuiamuru kompyuta inunue na kuuza hisa, iliipa jina EasyLanguage, yaani Lugha Rahisi. Si jina la bure. Mfanyabiashara huandika kwamba bei ya kufunga soko ikipita wastani wa siku 20, nunua; nayo mashine hutii. Hata vijineno vya Kiingereza visivyo na kazi yoyote huruhusiwa ndani ya amri. Mashine huviruka, vimo tu ili maandishi yasomeke kama mazungumzo.

Mazungumzo ya nani? Kijana wa Mkomani, Lamu, ambaye Kiingereza kinampiga chenga, haoni urahisi wowote hapo.

Soko la Hisa la Nairobi lilianza kuuza hisa kwa kompyuta mwaka 2006, lakini mwananchi wa kawaida amekutana na mashine hizi hasa katika biashara ya fedha za kigeni mtandaoni. Huko hutumika programu ya MetaTrader, ambayo lugha yake, MQL, ni ngumu zaidi. Asiyeweza kuiandika hununua amri zilizoandikwa na mtu mwingine, ziitwazo roboti, kisha akazikabidhi akiba yake. Hajui zitanunua lini, wala zitakoma wapi hasara ikizidi.

Hatari hii haibagui. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, yenye wataalamu wake, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa dakika 45 tu baada ya programu yake kutuma maagizo yasiyokusudiwa. Sembuse mtu aliye peke yake na simu yake?

Wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hii wamesahau kwamba boriti za mikoko za Lamu ziliuzwa Ghuba kwa miaka mingi, na kwamba maneno dalali, rehani, faida na hasara hayahitaji mkalimani Mkomani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Amri za kununua na kuuza ni chache mno kuliko hizo.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo tangu kanuni za 2017 ndiyo inayowasimamia madalali hawa, sharti iwalazimishe wamweleze mteja kwa Kiswahili, kabla hajaiachia mashine fedha zake, mambo matatu: hununua kwa sababu gani, huuza lini, na hasara itafika kiasi gani kabla haijasimama. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Haikusema isipokuwa katika mambo ya fedha.