Gari linazimika njiani, nyanya zinaoza: ubovu uko kwenye injini au kwenye mafuta?

WAFANYABIASHARA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, wanaijua vizuri picha hii. Kirikuu imepakia matenga shambani alfajiri, inatoka kwenye njia ya vumbi, inashika kilima, mara injini inazima. Dereva anasubiri dakika kumi, anawasha, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Kilometa tatu mbele inazima tena. Lori la kwenda Dar es Salaam lililoegeshwa kando ya barabara kuu haliwezi kusubiri mpaka jioni, na nyanya iliyoiva haingesubiri hata kama lori lingekubali.

Kinachofuata ni safari ya gereji. Fundi anabadilisha plagi. Gari linatembea siku mbili, linazima. Anabadilisha koili. Linazima. Inafuata pampu ya mafuta, safari hii ya mtumba, ambayo muuzaji wa spea hairudishi ikishafungwa hata kama haikuwa na uhusiano wowote na tatizo. Mwisho wa wiki mwenye gari ana mfuko wa vipuri vizima vilivyotolewa, na ugonjwa ni ule ule.

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye mzigo wa Sh800,000. Akichelewa siku moja na bei ikashuka kwa robo, amepoteza Sh200,000. Akitoa Sh180,000 kwa vipuri vya kubahatisha, halafu gari likalala siku mbili bila kazi, hasara imekwishapita faida ya safari kadhaa. Katika hesabu hiyo kipuri kilichokufa kweli huwa ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Fedha nyingi huliwa na kutojua.

Fundi naye asilaumiwe peke yake. Kwa desturi ya gereji zetu, fundi analipwa kwa kufunga na kufungua. Hakuna anayemlipa kwa kukaa nusu saa akisikiliza injini na kuuliza maswali. Akitumia asubuhi nzima kugundua kwamba ni waya uliolegea, mteja atataka kumpa ya soda. Akibadilisha pampu, analipwa ufundi wake. Kwa malipo ya namna hiyo, kubahatisha kunalipa kuliko kupima. Mwenye gari anaweza kubadili jambo hili kwa kukubaliana tangu mwanzo malipo mawili, moja la kutafuta ubovu na jingine la kuutengeneza.

Injini ya petroli inahitaji mafuta, hewa, cheche kwa wakati wake na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Ikizima ghafla kisha ikawaka tena, mara nyingi mgandamizo si mshukiwa wa kwanza, maana pete za pistoni zilizokwisha hazipati nafuu kwa kupumzika dakika kumi. Wanabaki watatu, na swali la kumtenga mmoja na mwingine halihitaji spana. Ni kuuliza: linazima lini?

Linalozima likisimama tu, kwenye foleni au getini, lakini likikanyagwa linakwenda vizuri, lina tatizo la mzunguko wa chini, ule ambao mafundi huuita sailensa. Mara nyingi ni uchafu kwenye mlango wa hewa, au mpira wa hewa uliopasuka na kuvuta hewa isiyopimwa. Kusafisha kunaweza kutosha. Linalozima kwenye kilima au likiwa na mzigo, huku likipungua nguvu polepole na kushtuka-shtuka kabla ya kuzima, linakosa mafuta ya kutosha. Hapo utaangalia chujio, kisha pampu. Linalozima ghafla bila dalili baada ya injini kupata moto, kama taa iliyozimwa ukutani, kisha likakubali kuwaka likipoa, linaelekeza kwenye umeme: koili, au sensa inayosoma mzunguko wa shafti ya injini. Sensa hiyo ikishika joto hupoteza mawasiliano, kompyuta ya gari haijui tena wakati wa kutoa cheche, na kila kitu kinakatika kwa pamoja.

Upo pia ubovu unaochekesha. Mfuniko wa tenki una njia ndogo ya kuingiza hewa. Ikiziba kwa vumbi, kadiri mafuta yanavyotumika ndivyo mvuto unavyojengeka ndani ya tenki mpaka pampu inashindwa. Gari likizima, fungua mfuniko. Ukisikia tenki likivuta pumzi kwa nguvu na gari likawaka mara moja, umepata ubovu wako bila kulipa senti.

Vipimo vingine ni rahisi vilevile. Ufunguo ukifunguliwa bila kuwasha, katika magari mengi yenye pampu ya umeme, sauti yake husikika kwa sekunde mbili hivi kutoka kwenye tenki. Gari linapozima, kabla halijapoa, ndiyo saa ya kusikiliza sauti hiyo na kuangalia kama plagi inatoa cheche. Likishapoa na kuwaka, ushahidi umepotea. Ndiyo maana fundi anayeletewa gari linalounguruma vizuri hubaki kukisia. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo husaidia, mradi ieleweke kwamba inataja mfumo wenye malalamiko na haitoi hukumu kuhusu kipuri. Waya uliokatika na sensa iliyokufa huandikwa kwa namba ile ile.

Lakini kwa magari ya vijijini kuna mshukiwa ambaye gereji humsahau, naye ni mafuta yenyewe. Maji yakiingia kwenye petroli hukaa chini ya tenki, pale pale pampu inapovuta. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli huifanya igome kuwaka vizuri, injini igonge, plagi zishike masizi. Yakichanganywa kwenye dizeli huipunguzia ulainishaji, na pampu ya kusukuma dizeli ya Fuso au Canter husagika taratibu.

Uchakachuaji huo ulikuwa biashara ya hesabu nyepesi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mwananchi wa kijijini awashe taa, huku petroli na dizeli zikibeba kodi kubwa. Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyokuwa faida ya mchakachuaji. Neno lenyewe lilizoeleka kiasi kwamba katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010 liliruka kutoka vituo vya mafuta hadi kwenye kura.

Mwaka huo huo wa 2010, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani. Mkaguzi akipima kituoni na kukuta vinasaba vimepungua, maana yake mafuta yamechanganywa, au ni yale yaliyotakiwa kuvuka kwenda nchi jirani bila kodi ya hapa. Mwaka 2011 Serikali ilikwenda mbali zaidi: ushuru wa bidhaa kwa lita moja ya mafuta ya taa ulipandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30. Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya Sh18 za huko kwa lita.

Kwa mwenye injini, hatua ile ilikuwa sahihi. Ukaguzi pekee hauwezi kushinda faida inayopatikana kila usiku. Kuiondoa faida kunaweza. Matumizi ya mafuta ya taa yalishuka sana baadaye, jambo linaloonyesha kwamba sehemu kubwa haikuwa ikiingia kwenye vibatari. Hata hivyo, gharama ya kuokoa injini za wenye magari ilibebwa na kaya ambazo hazikuwa na baiskeli, achilia mbali gari. Taa za sola zilizoenea baadaye zilipunguza maumivu, lakini hazikuwa sehemu ya mpango huo.

Kupanda kwa bei ya petroli nako kumeleta ubovu wa aina yake. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi Juni. Hata kwa ruzuku, wengi walizoea kuweka mafuta ya elfu tano tano, na tabia hiyo haijaisha. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tenki hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Tenki likiwa karibu tupu kila siku, pampu hufanya kazi kwenye joto na kuvuta tope la chini. Ikianza kuchoka, huchoka kwenye kilima kwanza. Kwa mwenye kirikuu inayobeba mzigo, robo tenki ya kudumu ni sehemu ya mtaji wake sawa na matairi.

Kabla ya kununua kipuri chochote, basi, petroli kidogo itolewe kwenye tenki na kuwekwa kwenye chupa nyeupe ya kioo, mbali na moto na sigara. Ikitulia, maji yataonekana chini kama tabaka tofauti. Tone jingine liwekwe kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka na kuondoka, wakati yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Kipimo hiki hakitoshi kumpeleka mtu mahakamani, lakini kinatosha kuzuia kununua pampu isiyohitajika.

Kwenye malalamiko rasmi, EWURA huwataka wanunuzi kudai na kutunza risiti ya kila mafuta wanayonunua, kwani ndiyo ushahidi wa kituo, siku na kiasi. Daftari dogo ndani ya gari, lenye tarehe ya kujaza mafuta upande mmoja na tarehe ya kuzima upande wa pili, hufanya kazi hiyo hiyo kwa fundi. Gari likizima mara tatu, kila mara siku moja baada ya kujaza mahali fulani, jibu limeshapatikana.

Tatizo ni kwamba katika vijiji vilivyo ndani, mbali na lami, petroli hununuliwa kwa chupa na madumu kibandani. EWURA imelegeza masharti ya kujenga vituo vijijini ili kuondoa biashara hiyo ya hatari, lakini mtaji wa kujenga kituo bado ni mkubwa kwa mfanyabiashara wa kijijini, na msimu wa nyanya haungoji ujenzi. Muuzaji wa chupa huchuja kwa kitambaa mbele ya mteja ili aonekane mwaminifu. Kitambaa hicho huzuia mchanga na kupitisha maji. Risiti hana.