Matembezi ya Jamaa: Machimbo ya Kale ya Bamburi

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Malindi, akiisha kuvuka daraja la Nyali, hafiki mbali kabla ya kuuona moshi wa kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kiwanda hicho kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na malighafi yake ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo pwani. Kando yake pana lango la bustani iitwayo Haller Park. Njia ya miguu huanzia langoni, ikazunguka chini ya miti na kando ya mabwawa, kisha ikarudi pale ilipoanzia. Hakuna kilima cha kupanda, kwa sababu mtembezi yumo ndani ya shimo. Sakafu ya machimbo ilisawazishwa na mashine, na hata bibi mwenye mkongojo au mtoto aliyeanza kutembea juzi aweza kuumaliza mzunguko huo.

Jambo ambalo wageni wengi hulisahau ni kwamba hapo hapakuwa na udongo. Mawe yalipokwisha kuchukuliwa, ulibaki uwanja mweupe wa matumbawe uliochomwa na jua, na chini yake kidogo maji yenye chumvi. Mwaka 1971 kiwanda kilimpa kazi ya kuuotesha uwanja huo Bwana René Haller, bwana shamba mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akitumika Bamburi tangu mwaka 1959. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mdamasi uliotoka upande wa Somalia, na mvinje, mti ule ule ambao watu wa pwani huukata nguzo za kujengea.

Mvinje ndio uliokuwa tegemeo. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuufanya chakula cha mti; kwa hiyo mvinje huweza kusimama mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Lakini miti ilipokua palizuka taabu nyingine. Majani yake membamba kama sindano yalianguka na kulundikana, wala hayakuoza. Msitu ulikuwa umesimama juu ya zulia kavu, na udongo bado haupo.

Aliyeleta nafuu ni jongoo. Haller alimwona jongoo mweusi mwenye miguu myekundu akiyala majani hayo pasipo taabu. Basi jongoo wakakusanywa kwa wingi wakaletwa machimboni, wakala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Baada ya hapo ndipo miti mingine, mingi yao ya asili ya pwani, ilipopata pa kushika mizizi. Ndege wakaja wenyewe. Watoto wakimkuta jongoo njiani waambiwe wasimkanyage. Umati hukimbilia kuwalisha twiga, nao twiga kweli ni wazuri, lakini wamekuja wakati meza imekwisha kuandaliwa.

Inafaa pia kusimama kidogo mbele ya ukuta wa machimbo, mahali ambapo mimea haijaufunika wote. Ukitazamwa kwa karibu huonekana mifupa ya matumbawe na magamba ya kombe yaliyogeuka jiwe. Hapo palikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kila nyumba ya saruji ina shimo lake mahali fulani, ingawa mwenye nyumba halioni.

Mbele zaidi yapo mabwawa. Mengine yalichimbwa kwa ajili ya kufuga samaki aina ya perege, na mengine yana mamba. Huko mkono wa mtoto usiachwe. Ni katika bustani hii alikoletwa mtoto wa kiboko mwishoni mwa Desemba 2004. Mafuriko ya mto Sabaki yalikuwa yamewasukuma viboko hadi baharini, na siku iliyofuata mawimbi makubwa ya tsunami alionekana mtoto mmoja peke yake kwenye mwamba, karibu na Malindi. Watu walihangaika saa nyingi kwa nyavu na kamba hadi wakamtoa. Alipoachiliwa bustanini alikwenda moja kwa moja kujibanza nyuma ya kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130. Kobe hakufurahi mwanzoni. Baadaye wawili hao walikula pamoja na kulala pamoja, na habari yao ikaenea duniani kote. Kiboko alipewa jina la Owen, jina la mmoja wa waliomwokoa.

Jamaa ipendayo kutembea hapo ifike asubuhi mapema, na viatu vifunikavyo vidole, na maji ya kunywa, kwani chini ya mivinje upepo wa bahari haufiki vizuri.

Mwenye nafasi ya siku ya pili apande basi hadi Malindi, kisha aende kaskazini kidogo mpaka lilipo lango la Sabaki, huko alikotoka Owen. Mto huu ni ule ule uitwao Athi bara na Galana katikati ya safari yake. Wakati wa mvua huja umebeba udongo wa mashamba, na bahari hugeuka nyekundu mbele ya Malindi, maili nzima na zaidi. Wavuvi wa hapo wameizoea rangi hiyo. Aliyetoka Bamburi jana, alikoona jongoo wakitengeneza udongo kwa miaka mingi, atasimama mchangani akautazama ukipita.