Kifungo cha nje: nani anaonekana wa kuaminika?

Msikilizaji, tuseme vijana wawili wa Mafia wametiwa hatiani kwa wizi mdogo, wote mara ya kwanza. Mmoja ni mkulima wa minazi Baleni, mwingine ni mvuvi wa Jibondo. Je, wana nafasi sawa ya kutumikia adhabu nje ya gereza?

Kwa maandishi, ndiyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi za jamii badala ya jela, kama kifungo anachostahili hakizidi miaka mitatu. Kwanza afisa wa huduma za uangalizi, yule tunayemwita afisa probesheni, huchunguza: anaishi wapi, anafanya kazi gani, ndugu na majirani wanasemaje.

Hapo ndipo mvuvi anapoanza kupungukiwa. Yeye hufuata samaki. Yuko dago wiki kwa wiki, analala kwenye kibanda cha makuti. Afisa akifika nyumbani anamkuta mama tu, na jirani anasema, "Huyo haonekani." Mshahara hana, ana mgawo wa chombo. Kwenye karatasi anakuwa mtu asiye na makao. Lakini nahodha wake anajua alipo usiku na mchana, kuliko bosi wa ofisini anavyojua alipo karani wake.

Wapo wanaosema tuiachie kompyuta, haina upendeleo. Marekani wameshajaribu. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichunguza programu iitwayo COMPAS huko Broward, Florida. Kati ya washtakiwa ambao hawakurudia kosa, weusi asilimia 44.9 walikuwa wamewekwa kundi la hatari. Weupe asilimia 23.5. Kampuni yenye programu ilizipinga hesabu hizo. Ila rangi haikuwa miongoni mwa maswali! Moja ya maswali lilikuwa: umehama mara ngapi katika miezi kumi na miwili iliyopita? Mvuvi wetu angejibu nini?

Mimi naona afisa afike dago, au walau ampigie nahodha simu. Nawe mwenyekiti wa kitongoji, ukiulizwa, usiseme "hayupo" ukaishia hapo. Sema yuko dago gani, chombo cha nani, anarudi lini.

Halafu kuna suala la mahali pa kazi. Kijana wa Jibondo akipangiwa kufagia Kilindoni, kila siku anahitaji nauli ya boti, na kusi ikivuma havuki. Akikosa siku kadhaa anaandikwa amekiuka amri, na anaweza kurudishwa mahakamani na kufungwa. Shule ya hapo hapo Jibondo nayo ina uwanja wa kufagia.