Randa Kuukuu Si Chuma Chakavu

Aghalabu seremala anapofariki dunia, zana zake hukaa stoo miaka mingi zikila vumbi na unyevu wa pwani, mpaka siku ambayo kijana wa nyumba humsikia mnunuzi wa chuma chakavu akipita mtaani na mizani yake. Hapo randa ya marehemu, iliyosawazisha milango ya nusu ya mtaa, hupimwa kwa kilo pamoja na nondo zilizopinda na masufuria yaliyotoboka, ikaenda kuyeyushwa. Huo, kwa rai yangu, ni ubadhirifu, tena mbaya, kwa kuwa mwenye kuutenda hajui alichokitoa, ilhali kitu hicho kingaliweza kurejeshewa uzima wake uani kwake, kwa chupa chache za siki, karatasi za msasa, na saburi.

Randa ya chuma yenye gurudumu dogo la shaba nyuma ya kisu, ambalo fundi hulizungusha kwa kidole ili kukishusha kisu au kukipandisha, asili yake ni ubunifu wa Leonard Bailey wa Boston, Marekani. Kampuni ya Stanley iliinunua kazi yake mwaka 1869, na tangu hapo umbo lile halikubadilika ila kidogo mno. Waingereza wa Sheffield walioanza kutengeneza randa za Record mwaka 1931 walifuata mfano huo huo, hata kisu cha namba 4 ya Stanley, chenye upana wa inchi 2, aghalabu huingia bila taabu katika namba 4 ya Record. Kwa hiyo randa iliyopotewa na kisu au parafujo bado ina tamaa ya kupona, maadamu mwenzake wa ukoo ule yupo stoo kwa jirani.

Ama kazi yenyewe haina siri. Kwanza randa hufunguliwa yote, na parafujo zilizogoma kwa kutu hutiwa mafuta ya taa zikalala usiku kucha, maana anayezilazimisha huziharibu vichwa. Kisha vyuma hulowekwa katika siki mpaka kutu ilegee, vikasuuzwa kwa maji ya magadi ili kuua ukali uliobaki, vikakaushwa na kupakwa mafuta ya cherehani papo hapo, kwani chuma kilichotoka sikini hushika kutu upya kabla fundi hajamaliza chai yake. Uso wa chini hunyooshwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, kisu kikiwa kimekazwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani, kwa sababu mkazo ule huupinda uso huo kidogo, na anayeunyoosha randa ikiwa tupu hatapata unyoofu ule ule kazini. Wako wapendao kusugua hata pasibaki doa. Mimi nawaona wanapoteza msasa, kwani panapotakiwa kulingana ni mbele, nyuma, na hasa ukingo ulio mbele ya mdomo.

Kisu ndicho kinachotaka adabu. Mgongo wake hulainishwa kwanza mpaka ung'ae karibu na makali, ndipo upande wa mshazari unolewe kwa nyuzi 25 hadi 30, hata kidole kisikie kijinyweleo cha chuma upande wa pili. Na kile kipande kinachokilalia kisu ili kuvunja maranda lazima kikae pasipo kupitisha hata mwanga, kwani pakibaki upenyo maranda hujisokota humo, randa ikaziba, ikalaumiwa bure. Ila nyufa hazina dawa ya nyumbani: chuma cha kusubu kikishapasuka mdomoni kwa kuangushwa sakafuni, sina ugomvi na mwenye mizani.

Watu watasema zama hizi ni za mashine. Sikatai, na mwenye milango ishirini ya kupiga aende mashineni; lakini mlango mmoja uliovimba kwa masika ukakataa kufunga, nani ataubeba?

Nchini Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, lilianzishwa shirika liitwalo Tools for Self Reliance, ambalo watu wake wa kujitolea walikusanya zana kuukuu za mkono, wakazitoa kutu, wakazinoa, wakazileta Afrika, Tanzania ikiwemo. Nawashukuru kwa taadhima; walakini ni ajabu mzee wa Kiingereza akeshe akisafisha randa ya kumpelekea kijana wa huku, na kijana huyo awe ameuza ya babu yake kwa bei ya soda mbili.

Basi nawasihi wakuu wa vyuo vya ufundi, vya VETA na vya watu binafsi: kila mwanafunzi wa useremala apewe muhula wa kwanza randa moja iliyokufa, iliyonunuliwa kwa hao hao wanunuzi wa chuma, aifungue, aitoe kutu, aichongee mpini wa mninga ikiwa wake umevunjika, akinoe kisu mbele ya mwalimu, na akihitimu aondoke nayo. Na ikiwa walimu wenyewe hawana maarifa hayo, waitwe maseremala wazee waliobaki, tena walipwe posho ile ile wanayolipwa wageni wa semina.