Fomu Iliuliza "Una Watoto?" Sebule Yote Ikanyamaza

Wasee, leo sina vichekesho. Leo tunaongea kuhusu fomu. Najua neno lenyewe linaleta usingizi, lakini nipeni dakika tano.

Mnajua mimi ndiye karani wa familia yetu. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kila kitu kinachotaka intaneti kinaletwa kwangu. KRA ya Mathe, SHA ya nyanya, basari za mabinamu. "Si wewe hushinda kwa simu siku yote? Jaza." Kwa hivyo dadangu mkubwa alipofunga ndoa na mtu wake wa Dallas, Mkenya aliyepata uraia wa Marekani, hakuna aliyeuliza nani atashughulikia karatasi. Nilivutiwa kiti tu.

Fomu ya kwanza inaitwa I-130. Kisheria ni ya mume, yeye ndiye anayemwombea mke. Jina lake rasmi linamwita dadangu jamaa mgeni, na neno lenyewe la Kiingereza ni lile lile wanalotumia kwenye filamu kwa viumbe wa sayari nyingine. Tulicheka sana. Shem alikuwa anajaza kule, ananitumia maswali kwa WhatsApp, mimi namuuliza dadangu, narudisha majibu. Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa. Umewahi kuolewa mara ngapi. Tulikuwa tunaenda mbio.

Halafu likaja swali la mume na watoto wa anayeombewa. Taja wote. Nikasoma kwa sauti, bila kufikiria: "Una watoto?"

Sebule ikanyamaza. Mathe akaacha kukata sukuma. Na pale mezani, mwenye miaka saba alikuwa anapaka rangi kazi yake ya shule.

Kwetu mtoto huyo ni kitinda mimba wa Mathe. Hivyo ndivyo mtaa unavyojua na hivyo ndivyo kanisa linavyojua. Shem alipokuja Disemba alimletea raba zenye taa na kumwita "shem mdogo". Lakini cheti cha kuzaliwa hakijui hadithi za mtaa. Kimeandika jina la mama, na mama ni dadangu. Alimpata akiwa na miaka kumi na nane, akiwa anangoja matokeo ya KCSE, na familia ikaamua haraka haraka mambo yatasemwaje. Kama umekulia Kenya, unajua nyumba kama hii. Pengine unaishi ndani yake.

Dadangu ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje majina. Mtoto ameshaambiwa ukweli. Alisema nini, hilo sitaandika. Hilo ni lake.

Sasa, maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanirukia: tunalalamika sana kwamba fomu za visa zinaingilia maisha ya watu, lakini ile fomu ndiyo ilikuwa ya kwanza katika miaka saba kumuuliza dadangu swali hilo bila kumhukumu. Haikusonya. Haikuuliza baba ni nani na kwa nini alitoroka. Iliuliza tu, ikaacha nafasi ya jina. Sisi watu wake ndio tuliotaka nafasi hiyo ibaki tupu.

Anti alikuwa wa kwanza kutoa ushauri. "Andika hapana. Ukifika kule ndio utajua venye utamweleza." Halafu kuna ajenti mmoja wa saiba huko tao, tulikuwa tumempigia mwanzoni atusaidie. Bei yake elfu ishirini. Yeye naye akasema vivyo hivyo: "Weka sufuri. Watoto wanachelewesha kesi. Hao hawawezi jua."

Nikakaa usiku huo nikisoma. Sina digrii, lakini kusoma najua. Na nikagundua kwamba ushauri wa Anti na wa ajenti, mbali na kuwa uongo, ulikuwa unamfungia mtoto nje.

Iko hivi. Mke wa raia wa Marekani hangoji foleni ya nambari za visa, hiyo ni bahati. Lakini fomu yake haimbebi mtoto mgongoni. Kila mtoto anahitaji I-130 yake mwenyewe. Na sheria yao inamhesabu mtoto wa kambo kama mtoto, mradi ndoa ifungwe kabla mtoto hajafikisha miaka kumi na minane. Mtoto wetu ana saba. Yaani shem ana haki kamili ya kumwombea, leo, pamoja na mama yake. Lakini ukiandika sufuri leo, halafu baada ya miaka mitatu urudi na fomu ya mtoto, utaanza kwa kueleza kwa nini uliapa kwamba hayupo. Juu fomu hizi zinasainiwa kwa kiapo. Ukionekana umedanganya kuhusu jambo la maana ili upate visa, unaweza kufungiwa mlango maisha yako yote, isipokuwa uombe msamaha maalum na ukubaliwe.

Na saini ni ya nani? Si ya ajenti. Yeye atakula elfu ishirini zake, aendelee na mteja mwingine. Ndoa ya dadangu ni ya kweli kabisa, walipendana mbele ya macho yetu. Sasa kwa nini ndoa ya kweli uipake uongo, mpaka ianze kufanana na zile za kununua?

Isitoshe, swali lenyewe halikuwa linaisha pale. I-130 ikikubaliwa, kesi inaenda kituo chao cha visa, na hapo kuna DS-260. Hiyo fomu, manze! Inataka kila mahali umeishi tangu ukiwa na miaka kumi na sita. Dadangu amehama keja mara ngapi? Ile ya Kayole tulifukuzwa, ile ya Pipeline maji yalikatika, tukakaa kwa Anti miezi minne. Tangu 2019 inataka pia majina ya akaunti zako za mitandao kwa miaka mitano iliyopita. Dadangu ana akaunti moja ya zamani yenye jina ambalo siwezi kuandika hapa, na mimi ndiye nilimfungulia. Na watoto wanaulizwa tena. Halafu kuna mahojiano ubalozini, unaapa tena, mkono juu. Uongo mmoja ungelipiwa kodi kila hatua.

Kabla mseme nimegeuka balozi wa Marekani, ngojeni. Kuna mambo kwenye fomu hizi yanayouma, na sitayatetea.

Kwanza ni doo. Tangu Aprili 2024, I-130 ya mtandaoni ni dola 625. Kuna dola 325 za ombi la visa na 120 za fomu ya udhamini. Hiyo ni dola 1,070, na dola moja ikiwa kama shilingi 129, ni zaidi ya laki moja na thelathini na nane. Hujalipa daktari wa kupima, hujalipa cheti cha maadili mema cha DCI ambacho ni shilingi 1,050, hujalipa nauli za kwenda kupigwa alama za vidole. Na hayo yote ni ya mtu mmoja.

Pili, mapenzi yanapimwa kwa mshahara. Fomu ya udhamini inaitwa I-864. Mume lazima aonyeshe kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Kwa watu wawili, kwa viwango vya 2025, kilikuwa kama dola 26,437 kwa mwaka. Ukiongeza mtoto, kinapanda. Asipofikisha, atafute mdhamini wa pili. Kuna wasee wanapendana kabisa, lakini mmoja anaosha wazee kule kwa mshahara mdogo, basi wanangoja. Hiyo si haki, na sitasema ni haki.

Lakini hata hapo kuna kitu nilijifunza ambacho naona kila mtu aliye kwa uhusiano wa mbali anafaa kukijua. Ile I-864 ni mkataba. Mume anaahidi serikali kwamba mke hatakosa riziki, na talaka haiufuti. Unaisha mke akiwa raia, au akihesabiwa robo arobaini za kazi, yaani kama miaka kumi, au akihama Marekani kabisa akiacha ile kadi ya kijani, au mmoja wao akifariki. Mkikosana mwaka wa pili, mkataba bado uko. Sasa fikiria mwanaume anasaini kitu kizito hivyo, kwa kiapo, akiwa haambiwi hata nyumba ina watoto wangapi. Tulikuwa tunamwambia shem aweke jina lake kwenye deni la miaka kumi huku tumemfunga macho. Hapo ndio nilimgeukia Mathe nikamwambia, "Mathe, huyu mtu tunamwibia."

Mathe hakunijibu. Alienda jikoni akarudi na sufuria ya chai, akamimina vikombe vitatu. Akakaa. Kwa Mathe hiyo ni kura.

Jambo lingine la haraka, kwa wale mnaofikiri picha za ruracio zinatosha. Hazitoshi. Wanataka cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zinafaa kusajiliwa. Mbuzi zililiwa, wazee wakabariki, poa sana, lakini nenda pia ukasajili. Dadangu na shem walifanya ya kiserikali Sheria House, wakatoa notisi ya siku 21 kama inavyotakiwa. Na kama ndoa bado haijafika miaka miwili siku unayoingia Marekani, unapewa kadi ya miaka miwili tu, yenye masharti. Kabla iishe mnajaza fomu nyingine, I-751, kuthibitisha bado mnaishi kama mke na mume. Yaani maswali yanakufuata hadi kwa kitanda chako. Siri ingejificha wapi?

Kwa hivyo nasema hivi. Usimwachie mtu fomu ya ndoa yako. Kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta mtu akusomee, lakini jibu utoe wewe. Kama kesi ina mambo magumu, kwa mfano ulishawahi kunyimwa visa au una kesi ya jinai, lipa wakili aliyesajiliwa, si jamaa wa saiba mwenye printa. Na kabla hujalipa hata dola moja, kaeni chini nyinyi wawili mjibu yale maswali kwa mdomo. Umeoa au umeolewa mara ngapi? Una watoto? Umeishi wapi? Umewahi kushikwa na polisi? Unapata pesa ngapi kwa kweli? Hayo ni maswali ambayo tunaona aibu kumuuliza mpenzi, halafu tunamjibu afisa wa nchi nyingine kupitia kioo kwa dakika kumi.

Mtaniambia, "Na akimwacha?" Ndio, angeweza kumwacha. Dadangu alilijua hilo kuliko sisi sote. Alimpigia simu saa sita usiku, kule Dallas wakati wa alasiri, shem akiwa kwa mapumziko kazini. Nilikuwa chumba cha pili, kuta zetu ni nyembamba. Alisema sentensi moja. Halafu kimya kirefu. Halafu simu ikakatwa.

Siku tatu hakuandika. Anti akasema, "Si niliwaambia?" Dadangu aliacha kula. Mimi nilijiona kama ndiye niliyevunja nyumba kwa kujifanya najua kusoma fomu za watu. Kama mnafikiri kusema ukweli ni tamu, mngeniona siku hizo.

Siku ya nne, simu yangu ikalia. Si ya dadangu, yangu, karani. Ujumbe wa shem ulikuwa mfupi: "Nitumie picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nataka jina lake vile limeandikwa, wasilete shida."

Sijui kama wamemaliza kukosana. Kuna simu zingine za usiku, na sauti si tamu kila wakati, na ni haki yake kukasirika. Lakini saa hii kuna fomu mbili za I-130, si moja. Na kwenye ile ya pili, pale panapoulizwa jina la mama, dadangu alininyang'anya laptopu akaandika mwenyewe.