Sindano Isiwe Kosa

Wizara ya Afya ya Kenya inataka mtu anayejidunga heroini apewe sindano mpya. Polisi akimkuta nayo mfukoni, anamtia ndani. Mtu wa wizara na polisi wote wanalipwa mshahara na serikali moja.

Kifungu cha 5 cha sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 kinaharamisha kuwa na chombo cha kutumia heroini. Basi mraibu, ambaye si mjinga, hatembei na sindano. Anaificha maskani, na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ikimbana anashika iliyo karibu. Ya nani? Hajui, na mwili unavyomuuma hana subira ya kuuliza.

Hapo ndipo virusi vinapohama. Damu iliyobaki ndani ya bomba si lazima ionekane kwa macho. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa virusi vya homa ya ini aina ya C vinaweza kukaa hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Miezi miwili! Na si sindano peke yake. Kijiko cha kuchemshia, pamba ya kuchujia, kikombe cha maji ya kusuuzia: vyote hivyo huweza kubeba damu ya mwenzako. Anayegawa sindano bila vifaa hivyo ameacha kazi njiani.

Tunajua jibu litakalokuja, kwamba kugawa sindano ni kuwachochea vijana. Tumelisikia misikitini, makanisani na kwenye baraza za chifu. Chandarua hakijawahi kuita mbu. Anayefuata sindano alianza kujidunga zamani, na mara nyingi mgawaji ndiye wa kwanza kumweleza habari za methadoni inayotolewa badala ya heroini, kupimwa Ukimwi na chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Methadoni ipo, ndiyo. Malindi ina kliniki yake tangu 2015. Lakini dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mtu wa vibarua asiye na nauli ya kila asubuhi kuna siku hatafika. Siku hiyo atajidunga. Tunataka atumie sindano ya nani?

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la sindano 300 kwa mwaka kwa kila anayejidunga, ifikapo 2030. Hiyo haifiki hata moja kwa siku, na wengi hujidunga zaidi ya mara moja.

Bunge lirekebishe kifungu hicho cha 5. Na kwa kuwa Bunge halina haraka, Inspekta Jenerali wa Polisi aviagize vituo vyote kwamba sindano, mpya au iliyotumika, isiwe sababu ya kumkamata mtu. Iliyotumika irudishwe kwa wagawaji wakaiteketeze, badala ya kutupwa vichochoroni watoto wakaikanyaga. Agizo la ukurasa mmoja linatosha, na linaweza kutoka leo mchana.