Kichwa cha mtoto kinakua haraka: je, ni lazima kusubiri MRI?

Mashine ndogo za MRI, zinazosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda na kutumia umeme wa kawaida wa ukutani, zimeanza kuingia hospitalini. Marekani iliruhusu ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2020. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kiliunda mashine yake ya sumaku ndogo palepale chuoni, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uholanzi na Marekani. Waliolengwa zaidi ni watoto wenye kichwa maji.

Ni habari njema. Picha zake hazina ukali wa zile za mashine kubwa, na uvimbe mdogo unaweza kufichika. Hata hivyo, maji yaliyojaa ndani ya ubongo huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo mara nyingi huonekana.

Lakini, mama, usiisubiri mashine hiyo. Mtoto ambaye utosi wake bado uko wazi anaweza kupimwa kwa altrasaundi, kipimo kilekile cha wajawazito. Hakina mionzi wala hakihitaji dawa ya usingizi. Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18. Ukishafunga, hubaki CT, ambayo ina mionzi, au MRI, inayomtaka mtoto atulie kwa muda mrefu.

Na kabla ya altrasaundi kuna utepe wa kupimia. Ukienda kliniki, omba mzingo wa kichwa upimwe na uandikwe kwenye kadi, kama uzito. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vya miezi kadhaa ndivyo vinavyoonyesha kama kichwa kinakua kupita kiasi.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ukiona:

- utosi umevimba ilhali mtoto ametulia na ameketishwa wima;
- macho yanaelekea chini muda wote;
- anatapika mara kwa mara au analala kupita kawaida;
- anapata degedege.

Presha ya maji ikidumu huharibu ubongo na macho, na upasuaji wa baadaye hauwezi kurudisha yote yaliyopotea. Picha pia haitibu. Kwa hiyo ukipewa majibu, uliza kabla hujaondoka: ni hospitali gani inafanya upasuaji huu, nani anaandika rufaa, na tunatakiwa kufika lini?